Daktari wa meno asisahauliwe

Katika makala yenu mmeeleza vizuri kwamba saratani ya kinywa mara nyingi huanza na upasuaji, na ile ya nyuma ya pua hutibiwa zaidi kwa mionzi pamoja na dawa. Lakini daktari wa meno mmempitia kwa sentensi moja tu, na hapo ndipo wagonjwa wengi huumia.

Mionzi ya eneo la kinywa na pua hukausha mate na kudhoofisha mfupa wa taya. Jino bovu likiachwa, likaja kung'olewa hata miaka baada ya tiba, kidonda kinaweza kukataa kupona na mfupa ukaanza kufa. Kwa hiyo meno yakaguliwe mapema, na yasiyofaa yang'olewe kama wiki 2 kabla ya mionzi ili fizi zipate kufunga. Baba yangu mdogo hakuelezwa hilo. Leo anaishi kwa uji, na kinywa hakifunguki vizuri.

Halafu chakula. Mionzi kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 7, siku 5 kila wiki, na katikati ya safari hiyo hata kumeza maji ni mateso. Mtaalamu wa lishe na wa mazoezi ya kumeza waanze na mgonjwa kabla kilo hazijapungua. Akishauriwa kuwekewa mpira wa kulishia, jamani ndugu msikatae mkidhani ndio mwisho wake. Wengi huondolewa mpira huo wanapoweza kula tena.

Mnaopewa rufaa ya kwenda hospitali ya Ocean Road au Bugando kutoka mbali, ulizeni habari ya meno hukohuko mkoani kabla ya kupanda basi.