AWARA: NDOTO NJEMA, HOJA NUSU

Ziko senema nyingi zilizopita Unguja zikasahauliwa kabla mabango yake hayajabanduliwa ukutani. Awara si mojawapo. Raj Kapoor aliitoa Bombay mwaka 1951, akiiongoza na kuicheza mwenyewe pamoja na Nargis, na katika miaka ile watu wa Mji Mkongwe waliiendea kwa wingi. Hata wasiojua neno moja la Kihindi walitoka wakiimba nyimbo zake. Mchezo uliopendwa hivyo wastahili kupimwa, si kusifiwa tu.

Kisa chake ni hiki. Jaji Raghunath aamini kwamba mtoto wa mhalifu hana budi kuwa mhalifu, na kwa imani hiyo amhukumu Jagga pasipo ushahidi wa kutosha. Jagga alipiza kisasi kwa kumteka mke wa jaji. Amrejeshapo, jaji amshuku mkewe mja mzito na kumfukuza, naye ajifungua barabarani. Mtoto huyo, Raj, alelewa katika vibanda vya maskini, na Jagga yule yule amfunza wizi.

Hapa ndipo senema hii ilipotugusa. Nasi tunayo methali yetu kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na katika visiwa hivi mtu aliulizwa ukoo wake kabla ya kuulizwa ajua kazi gani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili hata chakula cha mgao kiligawiwa kwa kufuata kabila. Kumwona mwana wa jaji akiiba kwa sababu ya njaa, katika ukumbi mmoja walimokaa Mhindi, Mwarabu, Mshirazi na Mwafrika wa bara, halikuwa jambo dogo.

Uzuri wake mkubwa ni ile ndoto ya yapata dakika tisa. Rita yuko juu ya ngazi mawinguni, na Raj yuko chini, motoni, kati ya mashetani, akilia atolewe. Waliosema ni upuuzi wa kupoteza wakati hawakuelewa. Mapenzi ya kijana maskini kwa binti wa nyumba kubwa huonekana hivyo hivyo machoni pake. Mtungaji ameyachora tu.

Lakini hoja yenyewe yakatika katikati. Kama damu si kitu, mbona kijana tunayetakiwa tumpende hatimaye awe mwana wa jaji? Laiti angekuwa mwana wa Jagga, na Rita akampenda vivyo hivyo! Hapo methali ingalivunjika kweli. Jinsi ilivyo, mwenye kushikilia nasaba aweza kurudi nyumbani ameridhika.

Tena liko lile kofi. Rita amwita Raj mshenzi, kwa mzaha, naye Raj ampiga, kisha mapenzi yaendelea kana kwamba hapakuwa na kitu. Rita ni wakili, mwanamke asimamaye mahakamani na kumhoji jaji aliyemlea. Wanawake wetu, waliokuwa na maonyesho yao peke yao, walikuwa na haki ya kumwona mwanamke wa namna hiyo akidai heshima yake nje ya mahakama pia.

Mwishowe Raj afungwa miaka 3, na Rita aahidi kumngoja. Jaji aomba msamaha, na senema yaona yatosha.