Kabla ya kumfuta kazi dereva, pima kanta yako

EPRA hutangaza bei za mafuta kila tarehe 14 ya mwezi. Zikipanda, vijana wenye kanta kuukuu za kubeba mchanga na mboga hupata wa kulaumu upesi: dereva, eti anafyonza dizeli. Wapo waliofutwa kazi kwa hesabu za kukisia tu.

Hiyo si haki. Mara nyingi mlafi ni gari lenyewe. Tairi zikipungua upepo, injini huhangaika zaidi. Chujio la hewa likijaa vumbi, moshi mweusi hufuka, na moshi huo ni dizeli ambayo haikuungua vizuri. Breki zinazoshika hata ukiondoa mguu pia zinakula pesa zako.

Sasa bosi, pima kwanza. Jaza tangi pomoni, andika kilomita, piga kazi wiki nzima, kisha jaza tena. Kilomita 480 kwa lita 80 ni kilomita 6 kwa lita. Peleka gari kwa fundi, halafu pima upya. Dawa za chupa zinazoahidi miujiza, achana nazo. Hesabu ikikataa bado, hapo sasa mwite dereva, mkae chini mzungumze.