Unauza nyumba na watoto bado wamo ndani: sheria za majirani zinasemaje?

Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo rejareja na jumla ukiacha supamaketi, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, saluni na udalali wa nyumba. Upande wa Kenya malalamiko yalisikika, na kwa wiki kadhaa mjadala ukawa ni nani ananyang'anywa duka la nani. Duka lina umuhimu wake. Lakini nyuma ya duka kuna familia, na familia ina mahali inapolala. Mfanyabiashara aliyehamishia maisha yake ng'ambo ya mpaka, akioa au akiolewa huko na watoto wakaanza shule huko, sasa anapiga hesabu ya kurudi kwao. Mwenzake aliyebaki kwao anapiga hesabu nyingine: mzigo umekwama, mkopo umefika ukingoni, mtaji umeliwa na kupanda na kushuka kwa sarafu. Hesabu zote mbili mara nyingi huishia kwenye kitu kimoja, nyumba.

Kuuza nyumba iliyo tupu ni biashara kama nyingine. Nyumba ambayo watoto wanaamkia humo kila asubuhi kwenda shule ni jambo lingine kabisa, na ni ajabu jinsi tusivyoliandika. Muuzaji anayeishi ndani ana udhaifu ambao mnunuzi huuona mara moja: hana pa kwenda mpaka alipwe, na mnunuzi hataki kulipa mpaka yeye aondoke. Hapo ndipo bei huporomoka.

Tuanze na ridhaa, maana ndiyo inayovunja mauzo mengi kabla hayajaanza. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza, kukodisha, kutoa zawadi au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja tu. Asiye na jina kwenye hati anayo haki ya kuweka zuio kwa Msajili. Kenya, Sheria ya Mali za Ndoa ya 2013 inasema vivyo hivyo katika kifungu cha 12, na inaongeza kwamba mwenza hafukuzwi kwenye nyumba ya ndoa ila kwa amri ya mahakama. Uganda nayo inadai ridhaa ya mwenza kwa ardhi ya familia. Rwanda, ambako zaidi ya vipande milioni 10 vya ardhi vimesajiliwa, majina ya mke na mume waliofunga ndoa kisheria huandikwa pamoja, kwa hiyo ni vigumu mmoja kujifanya mwenye mali peke yake.

Kwa msomaji wetu anayevuka mpaka kila wiki, jambo la kushika hapa ni kwamba ridhaa inatokana na ndoa. Kifungu cha 59 hakiulizi pasipoti. Mama wa Taveta aliyeolewa Himo ana sauti juu ya nyumba ya ndoa hata kama hawezi kumiliki ardhi Tanzania kwa jina lake. Na baba aliye Goma kwa miezi miwili kufuata mzigo hawezi kusema "mke wangu atasaini akipata nafasi." Mnunuzi makini ataomba ridhaa hiyo kwa maandishi, imeshuhudiwa na wakili, kabla ya kutoa hata shilingi ya arubuni. Asiyeiomba ndiye wa kumwogopa, kwa sababu huenda anategemea bei ya kutupa ili kufidia hatari anayoijua.

Na watoto je? Hapa Uganda ina historia ambayo wengi wameisahau. Sheria ya Ardhi ya 1998 ilipoandikwa, ilitaka zaidi ya ridhaa ya mwenza. Mtu aliyekuwa akiishi kwenye ardhi na watoto wake wanaomtegemea waliofikia utu uzima alitakiwa kupata ridhaa yao kwa maandishi kabla ya kuuza. Kama watoto walikuwa bado wadogo, ridhaa ilitolewa na kamati ya ardhi ya eneo kwa niaba yao. Marekebisho ya 2004 yaliliondoa sharti hilo la watoto, yakabakiza la mwenza.

Ni kweli kwamba kamati ya kijiji kukaa kuamua kama fulani auze nyumba yake kunaweza kukwamisha mkopo wa halali, na kunaweza pia kuwa mlango wa rushwa. Lakini kuna jambo lilipotea hapo. Kwa miaka michache sheria moja katika eneo letu ilitambua kwamba mtoto anayelala ndani ya nyumba ana jambo la kusema juu ya nyumba hiyo. Leo mzazi mmoja akimshawishi mwenzake, au akimtisha, hakuna mtu wa tatu anayeuliza: hawa watoto watalala wapi mwezi ujao? Binafsi naona lile swali lilikuwa la haki, hata kama njia ya kuliuliza ilikuwa nzito.

Kodi ndiyo inayowashangaza wengi, kwa sababu inahusu moja kwa moja suala la kuishi ndani. Kenya ilipandisha kodi ya faida ya kuuza mali kutoka asilimia 5 hadi asilimia 15 kuanzia Januari 1, 2023. Makazi binafsi yamesamehewa, ila kwa sharti: mwenye nyumba awe ameishi humo mfululizo kwa miaka 3 iliyotangulia uhamisho. Soma tena sharti hilo kama wewe ni mtu wa Busia au Namanga. Ukihamisha familia kwanza, ukapangisha nyumba mwaka mmoja "ili wateja waione vizuri," halafu ukauza, msamaha unaweza kukuponyoka. Nyumba iliyokugharimu shilingi za Kenya milioni 3 ukiiuza milioni 5, faida ni milioni 2 na kodi yake ni 300,000. Hiyo ni karo ya mtoto iliyopotea kwa sababu ya mpangilio tu.

Tanzania iko tofauti kidogo. Mkazi hutozwa asilimia 10 ya faida, na asiye mkazi kiwango ni kikubwa zaidi. Makazi binafsi yanasamehewa kama umeyamiliki miaka 3 au zaidi, umeishi humo jumla ya miaka 3, hata kwa vipindi, na faida haizidi shilingi milioni 15. Bila uthibitisho wa TRA, Msajili hahamishi jina. Kwa hiyo kile kijitabu cha risiti za saruji, mabati na fundi ambacho watoto wamekichorea nyuma ni pesa. Gharama uliyoithibitisha hupunguza faida. Usiyoweza kuithibitisha ni maneno matupu.

Kwa maana hiyo sheria zetu, pengine bila kukusudia, zinamwambia mwenye nyumba abaki ndani mpaka mwisho. Soko linamwambia atoke. Mnunuzi anapenda nyumba tupu, iliyopigwa rangi, isiyo na daftari mezani na magunia ya vitunguu sebuleni. Hilo la magunia si utani. Nyumba nyingi za wafanyabiashara wa mipakani ni stoo pia, na dalali anapoleta watu wa kuangalia nyumba anawaonyesha pia mzigo wako, mlango wa nyuma, na saa unazokuwa safarini. Wekeni siku mbili tu kwa wiki za kuonyesha nyumba, mchana, mtu mzima akiwa nyumbani. Dalali asipewe ufunguo. Mtoto asifungulie mgeni wa nyumba kamwe, hata kama mgeni anataja jina la baba.

Kuwaficha watoto nako huwa hakufiki mbali. Watasikia kwa jirani au kwa dalali mwenyewe, na wakishasikia nusu watajaza nusu nyingine kwa hofu. Mtoto wa miaka kumi anaelewa vizuri sentensi mbili: tunahama, na utahamia shule fulani muhula fulani. Asichoelewa ni minong'ono ya usiku.

Kalenda ya shule inapaswa kuamua tarehe ya kukabidhi nyumba kuliko tamaa ya mnunuzi. Tanzania na Kenya mwaka wa masomo huanza Januari, Uganda karibu na Februari, lakini Rwanda, Burundi na Kongo huanza Septemba. Familia inayouza nyumba Kigoma ili kurudi Bujumbura ikikabidhi Desemba, watoto watakuta wenzao wako katikati ya mwaka. Wanaotoka Kigali kwenda Mwanza mwezi Julai watakuta muhula wa pili umeanza. Na kama una mtahiniwa wa darasa la saba au kidato cha nne Tanzania, ameshasajiliwa kwenye kituo chake cha mtihani. Mitihani hiyo kwa kawaida hufanyika Septemba na Novemba. Kumhamisha Agosti kwa sababu mnunuzi ana haraka ni bei ambayo haikuandikwa kwenye mkataba.

Basi iandikwe. Makubaliano mengi yanayozaa kesi ni yale ya mdomo: "kaeni tu mpaka mpate pa kwenda." Mnunuzi amelipa yote, muuzaji bado yumo na watoto, miezi inapita, na hakuna anayejua kama huyu ni mpangaji, mgeni au mvamizi. Kinyume chake ni kibaya vilevile: muuzaji anatoka baada ya kulipwa nusu, na nusu iliyobaki anaidai akiwa nchi nyingine. Kenya desturi ya mawakili ni asilimia 10 mwanzoni na siku 90 za kukamilisha, na muda huo unatosha kupata shule na nyumba ya kupanga kama utauanza siku ya kusaini badala ya siku ya mwisho. Tanzania, hasa kwenye viwanja visivyopimwa ambako mauziano huandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, awamu hupangwa kwa hiari. Panga zako hivi: sehemu kubwa ilipwe benki kabla ya uhamisho, sehemu ya mwisho ishikwe na wakili na itolewe siku ya funguo, na tarehe ya funguo iwe siku iliyotajwa, pamoja na kodi ya kila mwezi utakayolipa ukipitiliza. Ofisi ya mtaa ikikudai asilimia, dai stakabadhi. Na kabla ya kukabidhi angalia mita ya LUKU, kwa sababu kodi ya jengo hukatwa humo na deni hubaki kwenye mita.

Bado kuna suala la mnunuzi kutoka ng'ambo, ambaye mara nyingi ndiye mwenye fedha taslimu. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010, lakini ibara yake ya 15 iliiacha ardhi mikononi mwa sheria za kila nchi. Ndiyo maana mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 unavuka kwa cheti rahisi cha uasili, ilhali nyumba haina cheti cha namna hiyo. Tanzania asiye raia hapati ardhi ila kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Kenya na Uganda anapata upangishaji usiozidi miaka 99. Kongo, umilikaji wa kudumu ni wa raia, na mgeni hupewa miaka 25 inayoweza kuongezwa. Mnunuzi akikwambia "tuandike jina la shemeji yangu, yeye ni raia," ujue kwamba mkataba unaosaini ni na shemeji. Siku wakigombana, wewe ndiye utakayeitwa shahidi, na kama awamu ya mwisho haijalipwa hutajua umdai nani.

Na fedha yenyewe iwe ya nchi ilipo nyumba. Tangu Machi 2025 Tanzania imepiga marufuku kupanga bei na kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, na mkataba ulioandikwa kwa dola unampa mnunuzi mjanja sababu ya kurudi mezani kuomba punguzo, wakati wewe umeshafunga mizigo na watoto wameshaaga shule.