Ndoo moja ya chakula haiwafai sato na kambale

Ukimuuliza mfugaji wa samaki anawalisha nini, mara nyingi atakujibu: pumba. Ana bwawa la sato, pembeni ana la kambale, lakini ndoo ya chakula ni moja. Hapo ndipo fedha zinapopotelea, kwani chakula peke yake huweza kumeza zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji.

Mpasue sato, mkunjue utumbo wake. Ni mwembamba, na urefu wake ni mara kadhaa ya mwili. Wa kambale ni mfupi, haupishani sana na urefu wa samaki mwenyewe. Sato ni mla mwani. Kambale hula vingi, ila nyama ndiyo anayoitegemea.

Tofauti haiishii kwenye urefu. Mwaka 1987 watafiti wa California, akiwamo Jared Diamond, walichapisha matokeo ya kulinganisha utumbo wa aina nane za samaki. Uwezo wa kufyonza protini iliyosagwa haukupishana sana, maana kila samaki anaihitaji. Kilichopishana ni sukari itokanayo na wanga: wala majani waliifyonza kwa wingi, wala nyama kidogo.

Sasa turudi kwenye ndoo. Pumba za mahindi zina protini takriban asilimia 10. Sato wa kunenepesha anataka asilimia 25 hadi 30, kambale 35 hadi 40. Kwa pumba tupu sato atakua polepole, akisaidiwa na mwani wa bwawani. Kambale atadumaa, na wakubwa wataanza kuwala wadogo. Mfugaji atasema ameibiwa!

Kosa la upande wa pili ni kumjaza sato dagaa. Protini ya ziada mwili huichoma kama kuni, na mabaki yake hutokea kwenye matamvua kama amonia na kuchafua maji. Dagaa hao binadamu nao wanawatafuta sokoni.

Kwa maoni yangu, mfuko ulioandikwa "chakula cha samaki" tu haustahili kuuzwa. Mtengenezaji aandike ni cha samaki gani na kina protini kiasi gani. Wakati tukisubiri hilo, mwenye mabwawa mawili anaweza kuanza wiki hii: dagaa wengi waende kwa kambale, na sato apewe pumba zilizochanganywa na mashudu ya alizeti au soya iliyokaangwa.