Usugu wa Dawa Huanzia Bandani, Hauishii Jikoni

Kuku wa kisasa wa nyama huuzwa akiwa na umri wa wiki tano hadi sita. Katika muda huo mfupi, makundi mengi yanayofugwa mijini na pembezoni mwa miji ya Tanzania hunyweshwa antibiotiki zaidi ya mara moja: vifaranga wanapowasili, wanapoanza kukohoa, na hata wakiwa wazima, kwa nia ya kuwakinga. Mara nyingi dawa hizo hununuliwa dukani bila cheti cha daktari wa mifugo. Mazoea haya huonekana kuwa shauri la mfugaji na banda lake, ilhali matokeo yake huonekana wodini.

Utumbo wa kuku ni makazi ya bakteria kama Escherichia coli, Salmonella na Campylobacter. Antibiotiki inapoingia, walio dhaifu hufa. Wachache wanaoistahimili hubaki na kuzaliana. Baadhi yao huweza kuwapa bakteria wa aina nyingine vinasaba vya usugu. Wakati wa kuchinja na kutoa matumbo, kinyesi huchafua nyama, na vimelea hao husafiri hadi sokoni. Ikumbukwe pia kuwa enrofloksasini wanayopewa kuku ni ya jamii moja na siprofloksasini wanayoandikiwa binadamu. Bakteria anayeizoea moja huwa amejiandaa kwa nyingine.

Mataifa mengine yalikwisha kuliona hilo. Mwaka 2005 Marekani ilipiga marufuku enrofloksasini kwa kuku, baada ya kuthibitika kuwa inachangia usugu wa Campylobacter wanaowaugua watu. Mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza kinasaba cha usugu dhidi ya kolistini, dawa ya akiba kwa wagonjwa mahututi, kilichopatikana kwa nguruwe, katika nyama ya kuku na kwa wagonjwa. Mwaka 2017 nchi hiyo ilizuia kolistini kutumika kukuzia mifugo.

Wapo wanaosema kwamba nyama ikiiva vizuri, hatari imekwisha. Ni kweli kuwa moto huua bakteria sugu sawasawa na wale wasio sugu, na kila mpishi anapaswa kuhakikisha kuku ameiva hadi mfupani. Lakini kisu kilichokata kuku mbichi, kikikata kachumbari bila kuoshwa kwa sabuni, kimekwisha kumpita moto. Kuosha kuku mbichi chini ya bomba nako hurusha vimelea kwenye sinki na vyombo. Zaidi ya hayo, jiko halimlindi mchinjaji, wala halizuii samadi ya kuku kufika katika bustani za mchicha. Mabaki ya baadhi ya dawa nayo hayaharibiwi kikamilifu na moto. Ndiyo maana mfugaji hutakiwa kusubiri siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kabla ya kuuza.

Si haki, hata hivyo, kumtwika mfugaji lawama zote. Mtaji wake waweza kuteketea kwa usiku mmoja, na ushauri ulio karibu naye ni wa muuza dawa. Anachohitaji ni daktari wa mifugo anayefikika na elimu kwamba mdondo na gumboro ni magonjwa ya virusi: antibiotiki haiyatibu, chanjo huyakinga. Banda kavu lenye hewa hupunguza mengi yaliyosalia. Vivyo hivyo, mhudumu wa afya anayeandika amoksilini kwa mafua hana ubavu wa kumnyoshea mfugaji kidole.

Antibiotiki isiuzwe bila cheti, iwe ya kuku au ya mtu, na ukaguzi wa maduka na machinjio uwe wa kweli. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika jambo hili, atakayelipia ukuta huo ni mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu, ambaye dawa ya kwanza imeshindwa, ya pili imeshindwa, na ya tatu haipo hospitalini.