Lori la Jeshi Linalokohoa: Usifungue Injini Kabla ya Kusikiliza

Najua nimepotea. Leo siandiki kuhusu simu mpya wala programu mpya. Naandika kuhusu lori. Msikimbie, kwenye kompyuta tutarudi.

Jirani yangu hapa Murera ana lori la zamani la jeshi, Bedford MK. Kama hujawahi kuliona, ni lori lililoinuka juu, magurudumu yote manne yanavuta, na injini yake ya dizeli ina silinda 6, lita 5.4. Jeshi la Uingereza liliyatumia malori ya aina hii kwa wingi kuanzia miaka ya 1970. Hili lake alilinunua mnadani miaka mingi iliyopita, na siku hizi badala ya askari linabeba mawe ya Ndarugo kuwapelekea watu wanaojenga. Karo ya watoto wake inatoka humo.

Basi, lori likaanza kukohoa. Si kwenye ekzosi, la. Kwenye mdomo unaovuta hewa. Puf... puf... puf... Nguvu zikapungua, na likiwa na mzigo likashindwa na vilima ambavyo zamani lilikuwa likivipanda bila taabu. Akalipeleka gereji moja. Kijana wa pale akasikiliza kwa nusu dakika, akatoa hukumu: injini imekufa, iteremshwe, ifanyiwe ovahoo. Bei yake ilipita laki moja. Mzee akarudi nyumbani kimya kabisa. Jioni akaniita.

"Kijana wangu, wewe ni mtu wa kompyuta. Hii sauti haiwezi kuingia kwenye kompyuta tukaiona?"

Nilicheka. Baadaye nikajiuliza, kwa nini isiwezekane?

Tufahamiane kwanza jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi. Vali ya kuingiza hewa inafunguka, pistoni inashuka, hewa inavutwa ndani. Kisha vali inajifunga kabisa, pistoni inapanda na kuikandamiza hewa hadi ipate moto mkali, dizeli inapulizwa, inawaka. Kwa hiyo kwenye mdomo wa hewa injini inatakiwa kuvuta tu. Ukisikia mluzi mwembamba unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta, shuku mpira uliopasuka au klipu iliyolegea. Hilo usilipuuze: kama tundu liko baada ya eya klina, vumbi letu jekundu linaingia moja kwa moja kwenye silinda na kuzisaga. Lakini ukisikia puf puf yenye mapigo, kuna kitu kinarudi nje mahali ambapo kilitakiwa kuingia tu.

Jumamosi tukamleta fundi mmoja mzee, mtu aliyeshika spana kabla sijazaliwa. Kwanza akakagua mipira na klipu zote. Nzima. Kisha akachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, ncha nyingine akaipitisha taratibu kando ya manifoldi. Akasema, "Ni silinda moja tu. Nyingine zinapumua vizuri."

Nami nikaweka simu karibu na mdomo wa hewa, nikarekodi sekunde 10, nikaifungua sauti kwenye Audacity, ile programu ya bure ambayo wengi wenu mnaijua. Mawimbi yakajichora, na juu yake vilele vilivyopangana kama meno ya kitana. Nikahesabu: 50. Yaani 5 kwa sekunde.

Sasa hesabu. Kwa kipimo cha fundi, injini ilikuwa ikizunguka kama mara 600 kwa dakika, yaani mara 10 kwa sekunde. Katika injini ya mipigo minne, kila silinda inawaka mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kwa hiyo silinda moja inawaka mara 5 kwa sekunde. Zote 6 zingekuwa zinarudisha hewa, ningeona vilele 30. Niliona 5. Kompyuta ilikuwa imesema neno lile lile la mzee mwenye mpira wa maji!

Lakini ni silinda ipi? Fundi akavaa miwani, akalegeza nati ya bomba la injekta ya kwanza ili silinda ile ikose dizeli, akasikiliza, akaikaza, akaenda ya pili. (Usijaribu haya mwenyewe, dizeli yenye presha inapenya ngozi. Na kwenye injini za kisasa za komoni reli usiguse kabisa.) Alipofika ya nne, mwendo wa injini haukubadilika sana, ila ile puf ikafifia. Tumempata!

Akazima, akaacha ipoe, akafungua kifuniko cha tapeti, akaizungusha injini hadi silinda hiyo ikafika mahali ambapo vali zote mbili zinatakiwa kuwa zimefunga. Fila geji haikupita. Hakukuwa na nafasi hata kidogo. Mtu fulani, siku za nyuma, aliikaza tapeti kupita kiasi, vali ikawa haifungi kabisa. Akairekebisha kwa kipimo cha kitabu. Lori likawashwa. Kimya, isipokuwa ule mngurumo wake wa kawaida. Kazi yote haikumaliza asubuhi.

Sasa maoni yangu, na najua wengine hamtayapenda. Fundi asiyeweza kukuonyesha kasoro iko wapi hana ruhusa ya kukufungulia injini. Simaanishi kwamba ovahoo ni wizi. Kuna injini zinazoihitaji kweli, na vali ile ingekuwa imeungua, hedi ingebidi ishuke. Ninachokataa ni kubadilisha vipuri kwa kubahatisha huku anayelipia bahati nasibu ni mwenye gari.

Kabla hamjawacheka watu wa gereji, niungame. Miaka kadhaa iliyopita nilimshauri mteja mmoja wa Thika anunue seva mpya kwa sababu mfumo wake ulikuwa ukikwama. Akanunua. Ukaendelea kukwama. Tatizo lilikuwa jedwali moja la data lisilo na faharasa, kitu cha kurekebishwa kwa mstari mmoja. Ushahidi ulikuwa kwenye kumbukumbu za mfumo siku zote, sikuusoma. Mimi ndiye niliyekuwa yule kijana wa nusu dakika, na fedha haikuwa yangu.

Kompyuta yangu haikumfundisha fundi yule mzee kitu; sikio lake lilitangulia. Lakini jirani yangu hakuwa na sikio hilo, naye ndiye mlipaji. Alipoona vilele 5 kwenye skrini, kwa mara ya kwanza aliweza kuuliza: "Kama ni silinda moja, kwa nini nilipie sita?"

Swali hilo ndilo nataka kila mteja awe nalo, gerejini na ofisini kwangu pia. Wewe je, umewahi kulipia silinda sita kwa kosa la moja?