Uzi, Jiwe na Saa
Mashindano ya kimataifa ya fizikia kwa wanafunzi wa sekondari, yaliyoasisiwa Warsaw mwaka 1967, hii leo huwatahini vijana wasiozidi watano wa kila taifa kwa nadharia yenye alama 30 na majaribio yenye alama 20, saa tano kila sehemu. Nami huhuzunika nimwonapo mwanafunzi hodari akikesha na mitihani ya miaka iliyopita, ilhali hajapata kufunga jiwe kwenye uzi, akalibembeza, akapima muda wa mibembeo ishirini, na kukadiria kwa insafu kosa la kipimo chake. Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanganyika mwaka 1963, aliona maziwa ya moto yakiyatangulia yaliyopoa kuganda kuwa barafu, kwa sababu mikono yake ilikuwa kazini. Enyi walimu, wafungulieni wanafunzi wenu maabara, hata jioni.